Risasi gani inafaa bunduki ya zamani? Maswali ninayoulizwa kila siku

Maswali haya naulizwa sana na ndugu zetu wa huku Marekani na kule Uingereza walioanza kununua bunduki za karne ya 19, yaani Martini-Henry, Snider, Mauser 71, Springfield ya mlango na wenzake, na wengine ni watu wa nyumbani wenye gobore la babu. Nimeona niyaweke sehemu moja manake kujibu kila mtu kwa voice note nasahau vitu, na kwenye hii kazi kitu ulichosahau kusema ndo kinachomtoa mtu jicho.

Kabla hatujaanza tuelewane maneno. Nikisema risasi namaanisha kitu kizima: ganda, fataki (kile kidude kinachowasha baruti) kwenye makalio yake, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Ile metali yenyewe laini nzito nitaiita madini ya risasi, kwa sababu lugha yetu imevipa vyote viwili jina moja na watu wanachanganyikiwa.

Bunduki yangu imeandikwa 45-70, dukani wanauza boksi za 45-70, si ninunue tu nikapige?

Hapana mkuu, subiri kwanza. Hili ndo swali namba moja na ndo lenye hatari kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

45-70 ilianza 1873 kwa ajili ya jeshi la Marekani, ile Springfield ambayo chemba yake (pale risasi inapokaa) inafunguka kwa juu kama mlango wa dari. Namba zenyewe zinakwambia: kaliba inchi 0.45, baruti nyeusi grein 70, na kichwa kilikuwa grein 405 ambayo ni kama gramu 26. Sasa risasi hiyo haijawahi kufa, mpaka leo kuna viwanda vinatengeneza bunduki mpya kabisa za chuma cha kisasa zenye kaliba hiyohiyo, na watu wanawindia dubu. Matokeo yake rafu moja ya duka unakuta 45-70 tatu zenye jina moja: ya upole kwa ajili ya Springfield za zamani, ya kati kwa bunduki imara za wenzo, na ile kali ya bunduki za kisasa za risasi moja. Zote zinaingia kwenye chemba yako vizuri kabisa. Zote zitafyatuka. Ila hiyo ya mwisho ukiipiga kwenye chuma cha 1873 unacheza na maisha.

Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilienda dukani nikamwonyesha muuzaji picha ya bunduki, akanipa boksi akasema zote ni sawa we chukua. Nikafika renji, nimeshapanga risasi mezani, mzee wa meza ya pembeni akaomba aone boksi. Akaligeuza ubavuni, akaweka kidole kwenye mstari wa maandishi madogo sana: zisitumike kwenye bunduki za mlango. Hakusema neno, alinirudishia tu mkononi. Nilirudi nyumbani siku ile bila kupiga hata moja.

Kwa hiyo soma boksi lote, pande zote, hata kama muuzaji ana haraka. Huku Marekani shirika la viwango la watengenezaji wa silaha limeweka kikomo cha presha ya 45-70 kuwa psi 28,000 (pauni kwa inchi ya mraba), na viwanda vikubwa vinafuata hicho kikomo kwa ajili ya hizo bunduki kuukuu. Vile viwanda vidogo vya risasi kali vinavuka, ndo maana vinaandika onyo. Na hata hiyo ya chini usipige mpaka fundi bunduki ameikagua silaha yako.

Nitajuaje kama ni ya baruti nyeusi au ya baruti isiyo na moshi?

Anza na mwaka. Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi 1884, na 1886 Ufaransa ikatoa Lebel, bunduki ya kwanza ya jeshi kuitumia. Kwa hiyo kitu chochote kilichobuniwa kabla ya hapo, Snider ya 1866, Martini-Henry ya 1871, Mauser ya 1871, hiyo ni baruti nyeusi tu, hamna mjadala.

Shida iko kwenye miaka ya katikati, kuanzia 1886 mpaka kama 1898. Mfano Lee-Metford ya Waingereza ilitoka 1888 na risasi ya .303 iliyojazwa baruti nyeusi iliyoshindiliwa, alafu miaka michache baadae wakabadilisha wakaweka kodaiti, baruti yao isiyo na moshi. Kodaiti ilikuwa inaungua kwa joto kali mno ikawa inakula ile mifereji ya mtutu ya Metford (michirizi ya ndani inayokizungusha kichwa) ambayo haikuwa na kina, ndo 1895 ikaja Lee-Enfield yenye mifereji tofauti. Sasa mtu anayo Lee-Metford anasema .303 ni .303, anapakia za kisasa. Mtutu uliosalimika miaka 130 anaumaliza yeye kwa msimu mmoja.

Alafu angalia mihuri. Bunduki zilizopimwa Uingereza zinakuwa na alama za nyumba ya majaribio, London au Birmingham. Ukiona NP maana yake ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Ila muhuri unakwambia ilivyokuwa siku ile ilipopimwa. Kutu ya miaka mia imekuja baadae, haiko kwenye muhuri.

Si zote baruti? Nikiweka ya kisasa kidogo tu kuna ubaya gani?

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa zamani sana: asilimia 75 shura, 15 mkaa, 10 kiberiti, ile salfa. Inawaka haraka lakini presha yake haipandi juu sana, ndo maana wazee wetu waliweza kutumia chuma laini. Baruti isiyo na moshi ina nguvu mara kadhaa kwa uzito uleule. Ganda kubwa la Martini lilitengenezwa lijae baruti nyeusi pomoni, ukilijaza hivyohivyo baruti ya kisasa umetengeneza bomu na uso wako uko sentimita chache tu nyuma yake.

Wapo wanaoweka kidogo na wanajua wanachofanya, wana vitabu na vipimo. Mimi kwenye silaha ya baruti nyeusi naweka baruti nyeusi, na kama huna uzoefu nakuomba na wewe ufanye hivyo.

Kingine ambacho watu hawaambiwi: baruti nyeusi haitaki nafasi tupu. Ukiweka nusu ukaacha hewa kati ya baruti na kichwa, mtutu unaweza kuvimba kama nyoka aliyemeza panya, na hautanyooka tena. Kwa hiyo baruti ijae mpaka kichwa kiigandamize kidogo, au nafasi izibwe na kadi na nta. Na ukitumia zile mbadala wa baruti nyeusi kama Pyrodex, hizo zinapimwa kwa ujazo siyo kwa uzito, manake ni nyepesi zaidi, ukipima kwa mizani utazidisha.

Martini-Henry yangu ni 577/450. Mbona namba mbili, na kichwa ninunue saizi gani?

Namba mbili manake ganda lilitoka kwenye familia ya Snider ya .577 likabanwa shingo ili libebe kichwa cha .450. Risasi ya jeshi ilikuwa kichwa cha grein 480, gramu 31 hivi, na baruti grein 85. Ile ya kabini, yaani bunduki fupi, ilipunguzwa: kichwa 410, baruti 70, kwa sababu kabini ni nyepesi na ilikuwa inawapiga askari mabega vibaya.

Sasa sikiliza, usinunue kichwa cha .450! Hiyo .450 ni kipimo cha juu ya matuta, chini kwenye mifereji ni pana zaidi, na kila mtutu una tabia yake. Kichwa chembamba kinapita kama mtu kwenye nguo ya kuazima, hakikamati mifereji, gesi inapita pembeni, kinaenda shabaha kikiwa kimelala ubavu. Nimewahi kuona karatasi ya shabaha ina tundu refu lenye umbo la kichwa kizima kutoka ubavuni.

Dawa ni kupima mtutu wako mwenyewe. Mi nafanya hivi. Hakikisha haina kitu, toa bloku (kile kipande kinachofunga chemba) ili mtutu uwe wazi pande zote mbili, safisha, paka mafuta. Chukua kipande cha madini ya risasi laini kabisa, kinene kidogo kuliko mtutu, kiweke mdomoni, gonga na nyundo ya mbao mpaka kiingie. Utaona kinakatika kiduara chembamba cha madini pembeni kama ganda la chungwa, hapo ujue kimekamata vizuri. Alafu ukisukume na fimbo ya mbao au ya shaba, taratibu, gonga gonga, na mkono wako usikilizie. Sehemu mtutu ulipochakaa kinateleza, sehemu yenye kutu kinakwaruza. Kikitoka upande wa pili kiko kimechorwa mifereji yote, unakipima na maikromita ileile ya fizikia ya form one, sehemu pana kabisa. Kichwa chako kiwe sawa na hapo au kizidi kidogo sana. Martini nyingi zinaangukia kati ya 0.464 na 0.468 ila usichukue namba zangu, pima ya kwako.

Fimbo ya chuma usitumie, inakwaruza mtutu ndani.

Na chemba je?

Chemba unapiga plasta yake, ila siyo plasta, kuna aloi inaitwa Cerrosafe inayeyuka chini ya joto la maji yanayochemka. Unaziba mtutu na kitambaa mbele kidogo ya chemba, unamimina, ikiganda unaitoa. Inaanza kwa kusinyaa alafu inatanuka, ikifika kama saa moja iko saizi halisi ya chemba, hapo ndo unapima. Kama huna mkono wa hiyo kazi mpelekee fundi, siyo ghali.

Mauser yangu ya 8mm ni ya 1888. Boksi limeandikwa 8mm Mauser. Inafaa?

Hapa ndo jina linadanganya kuliko kote. Gewehr 88 ya Wajerumani, ndo hiyo yako, ilitoka na kichwa cha inchi 0.318. Mwaka 1905 wakahamia kichwa chenye ncha cha 0.323 chenye presha kubwa zaidi, ganda lilelile. Tofauti ni elfu tano za inchi, unene wa unywele mmoja mbili hivi, lakini kusukuma kichwa kinene kwenye mtutu mwembamba kunapandisha presha ghafla, na Gewehr 88 siyo silaha imara kama Mauser 98 iliyoifuata.

Nyingi zilibadilishwa na zikapigwa herufi S kubwa juu ya chemba. Watu wakiona S wanafurahi wanapakia. Mi naona S ni taarifa tu, bado pima mtutu. Ndo maana viwanda vya Marekani vinajaza 8mm kwa upole, psi 35,000, wakati zile za Ulaya zinaweza kufika bar 3,900, ambayo ni zaidi ya psi 56,000. Boksi la Ulaya lenye 8x57 IS usiliweke kabisa kwenye mtutu wa 0.318. Tafuta iliyoandikwa 8x57 I au J bila S.

Kichwa cha madini au chenye koti la shaba?

Kwa bunduki ya baruti nyeusi, cha madini laini, karibu kila mara. Mitutu ile ni chuma laini na koti linailamba. Ya Martini ilikuwa sehemu 12 za madini ya risasi kwa 1 ya bati, ya 45-70 ilikuwa 16 kwa 1. Ulaini una kazi yake: baruti nyeusi ikilipuka inakipiga kichwa kisogoni kinatanuka na kuziba mifereji. Ukiweka kigumu sana hakitanuki.

Mauser 71/84 ina magazini ya bomba, kuna cha kuzingatia?

Ndio, kimoja kikubwa. Risasi nane zinakaa moja nyuma ya nyingine, pua ya hii iko kwenye fataki ya ile. Usiweke kichwa chenye ncha. Weka cha pua bapa, kama Wajerumani wenyewe walivyofanya.

Nimenunua boksi la risasi za zama zile, za 1880 na kitu. Zinapigika?

Ziweke kabatini. Risasi iliyofungwa kwenye boksi lake la asili wakusanyaji wanailipia vizuri kuliko risasi mpya, na ukiipiga umeua vitu viwili. Fataki za zamani zilikuwa na zebaki ambayo inaidhoofisha shaba mpaka inapasukapasuka, na nyingine zina chumvi ya klorati inayobaki ndani ya mtutu ikivuta unyevu mpaka kutu. Alafu kuna ile inayochelewa: unavuta triga, kimya, unafungua chemba uangalie, ndo inalipuka. Ikitokea haijalia, elekeza mtutu kwenye shabaha usiifungue, subiri angalau dakika nzima.

Mi natoka Tanga kwa hiyo hiki kisa huwa kinanijia. Aprili 1915 meli ya Wajerumani, Rubens, iliyojifanya ni ya Denmark, ilipenya zuio la Waingereza ikaishia imepigwa kwenye ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Ilikuwa na bunduki na risasi kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki. Risasi zililowa maji ya bahari, ikabidi watu wakae wazifumue moja moja, wakaushe, wazifunge upya, na bado nyingine ziligoma kulia vitani. Hizo zilikuwa za miezi tu. Ya kwako ina miaka 140 na hujui ilikaa stoo ya nani.

Kweli askari wetu walitumia hizo Mauser 71?

Kweli. Novemba 1914 kwenye vita ya Tanga makampuni mengi ya askari yalikuwa bado na modeli 71 ya baruti nyeusi, ukipiga moja wingu jeupe linapanda juu na adui anajua upo wapi. Ukiipiga leo renji utaelewa ndani ya sekunde moja. Mi mara ya kwanza nilisimama nimenyanyua kichwa changu nikisubiri moshi uondoke nione shabaha, nikawa nawafikiria wale vijana kwenye minazi, hawakuwa na nafasi ya kusubiri. Kwa risasi yake, 11.15x60R, ni yaleyale: baruti nyeusi, kichwa laini, pima mtutu.

Nimeona Martini ya bei poa iliyotoka Nepal, au ya mpakani Afghanistan. Vipi?

Za Nepal zilitoka kwa maelfu 2003 kwenye ghala la zamani Kathmandu. Zile zilizotengenezwa Uingereza zinaweza kuwa nzuri, lakini ile waliyoiunda wenyewe, Gahendra, itundike ukutani. Chuma chake hakitabiriki. Na zile nakala za njia ya Khyber, huko mpakani Afghanistan, utakuta taji na herufi za VR (za Malkia Victoria) zimepigwa lakini herufi moja imegeuka au tahajia imekosewa, hiyo usiipige kwa risasi yoyote ile.

Risasi zenyewe napata wapi?

45-70 na .303 ziko madukani. Za Martini na Snider wapo mafundi wadogo wanaozitengeneza, bei inauma, kwa hiyo wengi tunajaza wenyewe. Maganda mapya yapo, na wengine wanayakata kutoka kwenye maganda ya shaba ya shotigani geji 24. Ganda la kisasa la kipande kimoja ni bora kuliko lile la asili la karatasi ya shaba iliyoviringishwa, ambalo lilikuwa likichanika na kukwama, askari wa Kiingereza walilalamika sana Sudan 1884 na 1885. Kujaza usijifunzie video peke yake, tafuta mtu wa klabu ukae naye.

Sheria inasemaje?

Marekani sheria ya shirikisho inahesabu iliyotengenezwa 1898 kurudi nyuma kuwa ya kale, ila majimbo yana yake. Uingereza unaweza kumiliki ya kale kama pambo bila cheti, ila siku ukitaka kuipiga tu inabidi iingie kwenye cheti chako kwanza. Nyumbani Tanzania na Kenya ni leseni, hata gobore, uliza polisi kabla hujagusa.

Babu ameacha gobore kijijini. Niweke nini?

Usiweke kitu. Peleka polisi likaguliwe na kuandikishwa. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia Afrika ukaacha zile za gumegume zisizo na mifereji, ndo maana vijijini kumebaki magobore, na mengi yamekarabatiwa mara kumi na bomba la maji. Nasikia watu wanakwangua vichwa vya viberiti wanajaza. Ndugu yangu, nakuomba, usifanye. Alafu mengi yameachwa yamepakiwa: tumbukiza kijiti mtutuni bila kusimama mbele ya mdomo, weka alama, kilinganishe kwa nje. Kisipofika mwisho kuna kitu ndani, kaa nalo mbali, waachie wataalamu.

Risasi ya kwanza kabisa niipigeje?

Siyo begani. Tunaifunga kwenye tairi la gari, tunafunga kamba kwenye triga, tunakaa nyuma ya kizuizi, tunavuta. Risasi moja moja, kuanzia ya upole. Kila ganda likitoka liangalie kwenye mwanga: fataki iliyobonyea bapa au kutoboka, mpasuko, duara linalong'aa juu kidogo ya makalio ya ganda, ukiona mojawapo acha palepale.

Nikimaliza nasafisha na nini?

Maji ya moto, sabuni kidogo. Watu wanashangaa maji kwenye chuma, lakini masizi ya baruti nyeusi na chumvi ya fataki haziondoki kwa mafuta, zinaondoka kwa maji. Fanya siku hiyohiyo usilale nayo. Mtutu ukipata moto wa maji unajikausha wenyewe, pitisha kitambaa mpaka kitoke cheupe, ndo upake mafuta. Kesho yake asubuhi pitisha kitambaa kingine, kikitoka na rangi ya chai rudia kuanzia kwenye maji.